Mbolea ya serikali bila kwenda depo mara tatu: mwongozo wa mkulima wa Bungoma

Nina kibanda cha M-Pesa sokoni Kamukuywa, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, na nyuma ya nyumba nina ekari moja na robo ya mahindi na maharagwe. Kuanzia Januari hadi mvua ya Machi ishike, wengi wanaoinama dirishani kwangu hawaji kutoa wala kuweka pesa. Wanaleta simu zisomwe. "Mjukuu, hebu niangalizie, serikali imeniandikia?" Mara nyingi imeandika, ila iliandika wiki tatu zilizopita, na kabambe (simu ndogo ya vibonyezo) ya kukhu, yaani bibi, ilikuwa imejaa matangazo ya kampuni ya simu hadi ujumbe ukakosa pa kuingia. Haya ninayoyaeleza nimeyaokota dirishani hapo, na mengine nimeyalipia nauli yangu mwenyewe.

Kwanza, jua ni nini kinacholipwa

Watu wakisikia "malipo ya ruzuku" hudhani kuna hela zitaingia kwenye simu kama zile za wazee za Inua Jamii. Haziingii. Mkulima wa Marekani hulipwa na serikali yake pesa zenyewe. Hapa kwetu Kenya serikali hulipia sehemu ya bei ya mfuko kabla haujakufikia, nawe unamalizia iliyobaki. Mpango huu wa sasa ulianza Septemba 2022, wakati mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulikuwa umepita shilingi 6,000 madukani, vita vya Ukraine vikiwa vimepandisha bei dunia nzima. Serikali ikauweka shilingi 3,500. Agosti 2023 ikatangaza bei mpya, shilingi 2,500. Kwa hiyo ruzuku yako ni ule upungufu wa bei tu, na unaupata siku unapobeba mfuko. Usipoubeba, hakuna mahali umewekewa akiba. Umemwachia mwingine.

Usichanganye mpango huu na milango mingine miwili. Kaunti ya Bungoma imekuwa na mpango wake wa pembejeo kwa wakulima wasiojiweza, ambao majina yao huchaguliwa katika wadi na hupewa mbolea na mbegu bila kulipa. Huo ni wa kaunti, na wa kuulizwa ni afisa wa kilimo wa wadi. Halafu kuna miradi ya Benki ya Dunia inayopitia kaunti, kama NARIGP na baadaye NAVCDP, ambayo pesa zake huenda kwa vikundi na vyama vya ushirika, si kwa mtu mmoja mmoja. Nimeona mtu akigombana na naibu wa chifu nusu saa nzima juu ya mbolea ya kaunti, naye naibu anamjibu habari za mbolea ya taifa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Hatua ya kwanza: hakikisha umo kwenye daftari, na umo sawasawa

Mbolea ya taifa hutolewa kwa wakulima waliosajiliwa katika mfumo unaoitwa KIAMIS. Mwanzoni mwa 2023 machifu, manaibu wao na maliguru (wazee wa kijiji) walipita vijijini wakiandika watu: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba, kinacholimwa na mifugo. Ikiwa hukuandikwa wakati ule, nenda kwa naibu wa chifu wako au afisa wa kilimo wa wadi uandikishwe. Usingoje Machi. Nenda Novemba au Desemba, wakati ofisi haina watu na karani ana subira ya kukuuliza mara mbili jina lako linaandikwa vipi.

Kuandikwa peke yake hakutoshi. Kesi nyingi zinazofika dirishani kwangu ni za watu waliosajiliwa, lakini kitu kimoja hakikukaa vizuri.

Kikubwa ni laini ya simu. Mwaka juzi alikuja kukhu mmoja, simu ameifunga kwenye leso pamoja na noti mbili za mia. Majirani zake wote wameshapata ujumbe, yeye hana. Nikamwomba kitambulisho, nikabonyeza \*106# kwenye simu yake ili tuone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hiyo aliyoishika haikuwamo. Ilikuwa ya mwanawe aliye Nairobi, aliyemnunulia simu na laini siku moja na kuisajili kwa jina lake mwenyewe. Na siku liguru alipopita kuandika, kukhu hakuwepo, mkaza mwanawe akatoa namba yake yeye. Basi jina lilikuwa la kukhu, namba ya mkaza mwana, na laini iliyo mkononi ya kijana wa Nairobi. Ujumbe ulikuwa umeingia zamani kwenye simu ya mkaza mwana, ambaye alikuwa kwao Kiminini kwa matanga. Tukampigia. Akasema, "Mama, niliuona, nikadhani ni wa wale matapeli, nikafuta."

Kwa hiyo fanya haya ukiwa bado na muda. Bonyeza \*106# kwenye simu yako uone kama laini hiyo iko kwa jina lako. Kama haiko, nenda kwa wakala wa kampuni ya simu na kitambulisho chako ukanunue laini ya jina lako mwenyewe, kisha uende kwa naibu wa chifu au afisa wa kilimo uombe namba ibadilishwe kwenye usajili. Mwambie akusomee namba aliyonayo, tarakimu moja moja. Usikubali kuambiwa "iko sawa, mzee".

Halafu jina. Kitambulisho kinasema Wafula, daftari linasema Wafulla, na karani wa depo, ile stoo ya halmashauri ya nafaka mbolea inakouzwa, akiamka na hasira anakurudisha. Mpe anayeandika kitambulisho chenyewe mkononi anakili, usimtajie kwa mdomo.

La tatu ni ekari, na hapa sisi wenyewe tuna makosa. Wakati wa usajili uvumi ulizunguka kijijini kwetu kwamba serikali inataka kujua ekari ili itoze kodi. Mwenye ekari mbili akasema nusu. Mwingine, mjanja zaidi, akasikia mifuko itagawanywa kwa ekari, akageuza robo ikawa tatu. Wa kwanza sasa anapata mfuko mmoja na kulalamika. Wa pili anauza mifuko ya ziada kwa bei ya duka, na ndiye anayefanya depo iishiwe kabla sijafika.

Kama hujui shamba lako lina ukubwa gani, usibahatishe. Chukua kamba ya mita 20, ifunge fundo kila mita 5, upime urefu na upana ukiwa na mtoto wa kushika upande wa pili. Zidisha. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Shamba la mita 60 kwa 45 ni mita za mraba 2,700, yaani karibu pointi saba ya ekari. Likiwa limepinda kama mashamba mengi ya mtoni, ligawe vipande viwili au vitatu, upime kila kimoja na kujumlisha. Ni kazi ya nusu saa.

Vipi kama hati ya shamba bado iko kwa jina la marehemu baba? Mimi sikuombwa hati wakati wa usajili, na mjane aliye jirani yangu vilevile. Anayetafutwa ni anayelima. Anayekodi naye aseme ekari anazokodi, ila akubaliane kwanza na mwenye shamba, maana ardhi moja ikiandikwa na watu wawili mvutano utafika kwa chifu, na chifu ana mambo yake.

Hatua ya pili: amua unataka mbolea gani kabla hujaulizwa

Kila mtu hapa akisema mbolea ana maana ya DAP. Tumeizoea, babu zetu waliizoea, na mifuko yake ndiyo huisha kwanza deponi. Lakini udongo wa magharibi sehemu nyingi una tindikali, na DAP ukiitia mwaka baada ya mwaka inauongezea tindikali hiyo. Mahindi yanazaliwa na rangi ya zambarau kwenye majani, unasema ni baridi, kumbe fosforasi imefungwa kwenye udongo hata kama umeitia. Kuna mwaka nilitia mifuko miwili kwenye ekari moja na robo nikavuna pungufu ya jirani aliyetia mmoja na samadi.

Pima udongo. Si lazima kila mwaka, kila baada ya misimu mitatu au minne inatosha. Chimba sehemu kumi hadi kumi na tano ukitembea kwa kupindapinda shambani, kila shimo kina cha sentimita 20, uchukue udongo kidogo kila mahali. Ruka penye kichuguu, penye jivu na palipolazwa ng'ombe. Changanya ndani ya ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, chukua nusu kilo, uanike kivulini, uandike jina na siku. Afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza pa kuupeleka. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, lina vituo Kakamega na Kitale. Majibu yakisema pH, kipimo cha tindikali, iko chini ya 5.5, hesabu ya chokaa ya shamba inakuja kabla ya hesabu ya mbolea, na chokaa hutiwa wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Kwenye mpango wa ruzuku kwa kawaida huwa kuna mbolea za kupandia, kama DAP na NPK za aina mbalimbali, na za kukuzia kama CAN na Urea. Namba zilizo kwenye mfuko si mapambo. NPK 23:23:0 maana yake kila kilo 100 zina kilo 23 za nitrojeni, kilo 23 za fosforasi kwa jinsi wanavyoihesabu, na potasi hakuna. DAP ni 18:46:0. Ukiwa na ekari moja ya mahindi, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia ndio mpango wa kawaida, na huo ndio wa kupangia pesa. Maharagwe yaliyopandwa katikati hayahitaji mfuko wao.

Hatua ya tatu: ujumbe

Safisha simu. Nafanya hivi bure kwa kila kukhu anayefika dirishani: nafuta matangazo yote, nabakiza ya benki na ya watoto. Kabambe ikijaa, ujumbe mpya unangoja nje kama mgeni asiyefunguliwa mlango.

Ujumbe wenyewe huja kwa jina lako na hueleza mbolea uliyotengewa na jinsi ya kulipia. Usome wote, au usomewe na mtu unayemwamini, kwa sababu maelekezo ya msimu huu ndiyo ya kufuata, si ya mwaka jana wala ya shemeji yako. Namba fupi ya kubonyeza uinakili kutoka kwenye bango la depo au kutoka kwa afisa wa kilimo. Usiichukue kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, hata kama ametuma mchungaji mwenyewe.

Matapeli wanajua msimu kuliko sisi. Ujumbe wao unafanana na wa kweli, ila unakutaka utume "ada ya usajili" kwa namba ya mtu binafsi, au mtu anapiga akikuomba namba ya siri ya M-Pesa ili "akuingizie vocha". Usajili haulipiwi. Namba ya siri hakuna anayepaswa kuiuliza, hata mimi mwenye kibanda: mteja wangu akianza kuitaja naziba masikio. Ujumbe wa kitapeli, kwa mwenye laini ya Safaricom, utume mbele kwenda 333.

Hatua ya nne: hesabu ya safari

Hapa ndipo ruzuku inapotelea barabarani. Bei ya depo ni moja, lakini bei ya mfuko ukiwa shambani kwako ni nyingine kabisa.

Tuseme nauli yako kwenda na kurudi ni 300, matatu inatoza 100 kwa mfuko, na boda kutoka stendi hadi nyumbani ni 100. Mfuko mmoja wa 2,500 umefika nyumbani kwa 3,000. Ukienda ukakuta mtandao umelala ukarudi mikono mitupu, kesho yake nauli nyingine 300, umefika 3,300. Ukirudi mara ya tatu, 3,600, na siku tatu za kulima zimekwenda. Sasa tuseme majirani watano wana mifuko kumi na miwili, mnakodi pikiapu kwa 3,000. Ni 250 kwa mfuko, jumla 2,750, na nyote mmepanda humohumo bila nauli. Weka namba zako mwenyewe, lakini ufanye hesabu hiyo kabla ya kutoka nyumbani, ulinganishe na bei ya agroveti (duka la pembejeo) ya sokoni kwako.

Kwenda kwa kundi kuna faida nyingine. Mmoja hutangulia kwa boda alfajiri kuangalia kama bidhaa ipo na mashine zinafanya kazi, wengine wanangoja simu. Kama hakuna, aliyepoteza ni mmoja. Depo nilizozizoea hutaka mwenye kitambulisho awepo mwenyewe, kwa hiyo usitume kijana na kitambulisho chako ukadhani atapewa.

Uliza pia kama chama cha ushirika cha karibu kimepewa kuuza. Depo za halmashauri ya nafaka, ambazo wazee wetu huita Siriali tu, ziko mijini, Bungoma na Kitale kwa upande wetu, lakini mbolea ya ruzuku hupelekwa pia kwenye stoo za vyama vya ushirika. Kuna mwaka nilikaa foleni saa tano mjini, nikarudi nikakuta shehena imeshushwa chamani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu. Sikuuliza. Nilijiona mjinga hadi palizi.

Hatua ya tano: siku ya depo

Beba kitambulisho chenyewe, si nakala yake, simu yenye chaji na laini iliyosajiliwa, pesa zikiwa ndani ya M-Pesa pamoja na za ada ya kutuma, kalamu, maji na kitu cha kutafuna. Malipo ni kwa simu. Mtu yeyote akikuomba taslimu za mbolea mkononi, hata akiwa amevaa koti la kazi, mwulize kwa sauti ya kusikika na foleni ni za nini. Mara nyingi sauti peke yake inatosha.

Wapakiaji ni jambo jingine. Wale vijana wa kubeba mgongoni hulipwa kwa kila mfuko, na hilo ni kati yako na wao, patana kabla mfuko haujanyanyuliwa. Nilipata somo katika depo moja nisiyoitaja. Nilikuwa nimelipa, ujumbe ninao, jina langu likaitwa saa nane. Mtu akaniambia mifuko yangu iko nyuma, nitoe mia mbili "za kufungua stoo". Nikatoa, nilikuwa nimechoka. Wa nyuma yangu, mama mmoja na mtoto mgongoni, hakutoa. Alikaa chini juu ya mfuko mtupu mbele ya mlango akasema, "Mwanangu, mimi sina haraka." Baada ya robo saa stoo ikafunguliwa yenyewe. Ukidaiwa hongo, namba ya bure ya tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ni 1551.

Kabla ya kuondoka langoni, kagua mfuko. Ushonaji uwe wa mashine na wa mstari mmoja, bila matundu ya pili yanayoonyesha ulifunguliwa ukashonwa upya. Mbolea ndani isikike chembechembe ukiukanda, siyo imeganda kama jiwe. Uzito uwe kilo 50: kama kuna mizani, omba upimwe mmoja wenu. Angalia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, chini yake kuna namba ya kibali. Tuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023, majibu yatakuambia ni bidhaa gani na ya nani. Yasipolingana na maandishi ya mfuko, usiondoke nao. Na ukipitia kununua mbegu, kwangua kibandiko kilicho kwenye pakiti utume namba utakayoiona kwenda 1393. Hiyo ni ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu.

Ukaguzi huu si wasiwasi wa bure. Machi na Aprili 2024 iligundulika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa ndani ya mpango huuhuu wa ruzuku haikuwa mbolea ya kiwango. Suala lilifika Bungeni, waziri wa kilimo wa wakati ule akafunguliwa hoja ya kuondolewa, akanusurika. Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima waliouziwa. Wakati kama huo, mkulima aliye na ujumbe wake wa malipo na mfuko wake ana kitu cha kuonyesha, na aliyewasha moto kwa mfuko ana hadithi tu.

Kwa macho na pua huwezi kujua mbolea feki, hata mzee aliyelima miaka hamsini. Rangi hutiwa, harufu hutiwa. Kwa hiyo kabla ya kupanda chota konzi moja kutoka kila mfuko, tia kwenye chupa kavu, funga, andika siku. Hiyo ndiyo itakayopelekwa maabara siku likitokea la kutokea.

Ukinyimwa

Anza karibu. Afisa wa kilimo wa wadi, halafu ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo, halafu meneja wa depo. Sema kwa adabu lakini kwa maandishi, na ubaki na nakala. Jibu utakalopewa sana ni "mbolea haikuletwa ya kutosha". Labda ni kweli. Lakini una haki ya kujua ililetwa ngapi.

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza sababu. Ofisi inapaswa kuamua ombi lako ndani ya siku 21. Mimi hutumia karatasi ya daftari na maneno kama haya:

"Mimi ni mkulima wa wadi hii, mwenye kitambulisho namba hii. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba kujua ni mifuko mingapi ya mbolea ya ruzuku, na ya aina gani, iliyofika katika depo hii kati ya Januari na Aprili mwaka huu, siku iliyofika, na mifuko mingapi iliyouzwa kwa wakulima wa wadi yetu."

Usiombe orodha ya majina na namba za simu za watu, hiyo ni siri yao na utanyimwa kwa haki. Omba hesabu. Hakikisha nakala yako imepigwa mhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au wakikataa, peleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume ya haki ya utawala, ambayo ina ofisi Kisumu na Eldoret. Nimeandika barua ya namna hii mara moja tu, kwa niaba ya majirani tisa. Majibu ya maandishi hayakuja. Iliyokuja ni simu siku ya kumi, kwamba kuna mifuko "imepatikana".

Mfuko ukiwa nyumbani

Usiuweke chini kwenye sakafu ya udongo. Uinue juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na mbegu na chakula. Ukifunguliwa ufungwe tena siku hiyohiyo, CAN hasa hunywa unyevu wa hewa ikageuka uji.

Kupanda, kipimo chetu ni kizibo cha soda: kimoja kilichosawazishwa, karibu gramu 5, kwa shimo la mbegu mbili. Mistari iachane sentimita 75, mashimo sentimita 50, na ekari moja ina mashimo kama 10,800, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unakaribia kuimaliza sawasawa. Mkiona mbolea imeisha nusu ya shamba, anayetia anajaza kizibo kilima, mnyang'anye ukamwonyeshe upya. Funika mbolea kwa udongo kidogo kabla ya mbegu, la sivyo inaunguza. CAN itatiwa mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, kando ya shina na si juu ya majani.

Mfuko mtupu usiukate kuwa mkeka mpaka mahindi yaingie ghalani. Yangu miwili ya mwaka huu imekunjwa juu ya dari, chupa mbili za sampuli ziko kando, na namba za malipo nimezinakili kwenye karatasi iliyo ndani ya mkebe wa Kimbo, kwa sababu hata simu yangu mimi mwenye kibanda hujaa.